Jibini Lililomkimbiza Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, Milembe Machibya anaupangusa ubao wa mninga na kuuweka mezani, uani kwake mjini Bariadi. Katikati anaweka mabonge mawili ya jibini: moja laini la juzi, jingine gumu lililokaa ndani miezi miwili. Pembeni anapanga matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa, kisha karanga za kukaanga na kibakuli cha asali.

Leo hapangi kwa ajili ya mteja. Anamsubiri Generoza, mama wa marehemu mumewe, ambaye hajakanyaga hapa tangu mwaka jana.

“Ubao wa harusi naupanga huku napiga soga,” anasema. “Leo nimeupanga mara tatu.”

Milembe, 41, alijifunza kutengeneza jibini jikoni kwa masista, alipokuwa mpishi Maswa. Mumewe alipofariki, alibaki na ng’ombe wawili na maziwa yaliyochacha kwa kukosa wanunuzi. Akaanza kuyagandisha kwa limau na kuyakandamiza kwa jiwe. Taratibu, ubao wake wa jibini na vitafunwa ukawa unaagizwa kwenye kipaimara na sendofu.

Balaa lilianzia kwenye neno. Siku moja alimwonya binti yake, Joyness: “Usifungue chumba cha ndani. Jibini halijatulia, likipata joto litatuharibikia.”

Generoza, aliyekuwa akiishi nao na aliyezoea Kisukuma kuliko Kiswahili, alisikia jini.

Hakuuliza. Alifunga mzigo wake akapanda basi kwenda Zagayu, kwa mwanawe mwingine, Maige. Wiki haikuisha, sokoni wakawa wananong’ona kwamba mjane yule anafuga jini linalokunywa maziwa. Wateja wakapukutika, lakini si hao waliomkata maini.

“Mayu alinipokea kama binti yake wa kumzaa,” anasema Milembe, akimwita mkwewe ‘mama’ kwa Kisukuma, macho yakiwa kwenye ubao. “Alipoondoka, nilifiwa mara ya pili.”

Inauma kufikiri kwamba silabi moja iliyopotea njiani ilitosha kuvunja nyumba.

Generoza anaingia akiwa ameshikwa mkono na Joyness, aliyemfuata Zagayu kumsihi aje ajionee. Milembe anapiga magoti kumwamkia.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, Mama Joyness.”

Milembe hamkaribishi mezani. Anamwongoza hadi chumba cha ndani na kuusukuma mlango. Mna rafu, vitambaa vyeupe na harufu ya maziwa.

“Liko wapi?” anauliza bibi kwa sauti ndogo.

“Ndilo hili, mayu. Maziwa, limau na chumvi.”

Generoza analibonyeza bonge kwa kidole gumba, anakinusa kidole, anakilamba.

“Ni mabele,” anasema kwa Kisukuma. Maziwa. “Nimemkimbia mke wa mwanangu kwa sababu ya mabele!”

Hakuna anayecheka. Bibi analia, na Milembe naye analia.

Baadaye wanakaa mezani. Generoza anakula matobolwa na lile jibini laini; gumu analisukuma pembeni. “Hili waachieni wenye meno.”

Milembe anapanga kufungua kibanda karibu na soko, apike jibini mbele za watu, kila mwenye shaka ajionee. Lakini jioni inapokaribia, Generoza anaomba apelekwe stendi. Ameacha kuku wake Zagayu, anasema, na hakuna wa kuwafungia.

Milembe hamzuii. Anamfungia kipande cha jibini kwenye kanga na kubaki amesimama getini.

“Woga wa mwaka mzima hauishi kwa mlo mmoja,” anasema. “Atakuja tena, najua. Siku nitakayomwona anashuka na kuku wake, hapo nitajua amerudi nyumbani.”