Sauti ya Bibi Kwenye Kompyuta ya Kuazima

Mwanangu, nikikuona unavyobonyeza kompyuta bila kusoma, naikumbuka siku moja ya masika kwetu Ntobeye, natamani kukushika mkono. Usinicheke. Mimi ni mwoga, na wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku hiyo nilijifanya shujaa.

Nilikuwa kijana, nimemaliza chuo, kazi sina, maneno ninayo. Nilitaka kuifundisha mashine isikie Kihangaza, lugha ya kwetu. Mwalimu wake nikamfanya bibi yangu. Alikaa jikoni akichambua maharage, nami nikamrekodi kwa simu: alivyoolewa, pombe ya ndizi inavyotengenezwa, nani katika ukoo asiachiwe mbuzi wa mtu. Muda mfupi baadaye akapatwa na kiharusi. Mwili ulipata nafuu, ulimi haukurudi. Sauti yake ikabaki katika zile rekodi tu.

Kompyuta yangu ilikuwa dhaifu, kwa hiyo nilitumia daftari la mtandaoni, lile la kuandikia programu kisanduku baada ya kisanduku, huku kazi yenyewe ikifanywa na kompyuta ya watu iliyo mbali. Ya kuazima, mwanangu, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikapakia rekodi zote huko. Simu ilikuwa imejaa, basi nikazifuta humo. Ndipo nikaanza kusakinisha programu ya kufundishia mashine. Ikagoma. Toleo lake halikupatana na programu nyingine, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Palikuwa na amri mbili, moja ya kuwasha upya, nyingine ya kufunga na kufuta kila kitu. Nilichoka, nikabonyeza ya pili. Onyo lilitokea, sikulisoma.

Nikasakinisha upya, safari hii ikakubali, nikapiga na mluzi. Kisha nikafungua folda ya bibi. Ilikuwa tupu.

Hofu ile sijaipata tena maishani. Nilitafuta kwenye simu, nikatafuta kwenye kompyuta, nikarudi kwenye simu, jasho linanitoka. Wakati huohuo babu akaniita sebuleni. Alitaka kumsikia mkewe. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni pake, kimya, ananitazama.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Shikamoo ya pili hii tangu asubuhi. Umeharibu nini?"

Nikamweleza. Babu alikuwa mfugaji, na baadhi ya ng'ombe wake walitunzwa na rafiki yake kule Kanazi, kama ilivyo desturi yetu.

"Nikimpa rafiki ng'ombe anitunzie, siwatoi wote," akasema. "Ndama hubaki zizini kwangu. Si kwamba simwamini, ila ugonjwa haubishi hodi. Wewe umetoa zizi zima, kwa mtu usiyemjua hata jina?"

Bibi ndiye aliyeinua mkono wake mzima, akaionyesha simu yangu, kisha akaonyesha upande wa Nyakahura, alikoolewa dada yangu. Alikumbuka nilichosahau: rekodi ya kwanza kabisa, ya kujaribia, nilimtumia dada ili tucheke. Nikampigia, akairudisha. Bibi anasikika akisema, "Zima hicho kidude, chakula kinapoa." Basi, hakuna zaidi. Babu akaomba irudiwe, na bibi akalia.

Bibi hakuishi sana baada ya hapo. Babu aliicheza rekodi ile kila siku kabla ya kula, nami kila mara niliogopa simu isije ikaharibika, mpaka nilipoweka nakala za rekodi sehemu kadhaa.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Soma onyo kabla ya kubonyeza. Sakinisha kwanza, jaribu kwa kitu kisicho na thamani, ikikubali ndipo ulete chako cha thamani, na hata hapo ulete nakala. Kompyuta ya kuazima ikifungwa haikumbuki ulichoiachia. Ndama abaki zizini.

Mungu akujalie akili, na uoga wa kutosha kuilinda. Awaweke wazee wako. Na ukisikia unaitwa ukale, acha kompyuta uende, kwa maana anayekuita hana nakala.