Nguo Isiyounganishwa Mpaka Mtoto Alie

Mimi ndiye niliyekataza nguo. Naanza hapo kwa sababu mtaani kwetu hapa Tunduma watu wananiita bibi wa masweta, wananisifia, na wengi hawajui nilianza kufuma kwa sababu gani. Mke wa mwanangu alipobeba mimba ya kwanza nilimwambia asinunue hata soksi mpaka mtoto aonekane. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuona haja ya kubishana. Alitii. Mtoto akaja kabla ya wakati, mwezi Julai, upepo wa huku ukiwa unakata, tukamfunga kwenye kanga zangu mbili. Aliishi siku mbili. Daktari alitueleza habari za mapafu, nami nilimsikia vizuri, lakini ni mimi niliyeshika miguu yake na najua ilivyokuwa ya baridi. Mke wa mwanangu hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Mimba ya pili ilipofika miezi minne, niliamua kwamba huyu hatakutana na baridi. Nilikuwa nimevuka miaka hamsini na sijawahi kushika sindano ya kufumia, lakini mimi nikiamua jambo huwa nalikalia mpaka liive. Kila Jumamosi mchana akina mama wachache hukaa kwenye baraza ya kanisa letu na kufuma nguo za watoto. Nilikuwa nikiwapita na beseni langu la dagaa nikiwaona watu wasio na kazi. Jumamosi ile niliweka beseni chini nikaomba nafasi.

Mwenyekiti wao ni mama kutoka Iyula, mjane, mkulima wa kahawa aliyehamia mjini kwa binti yake. Alinipa sindano mbili zilizochongwa kwa spoku za baiskeli. Nikamwuliza moja kwa moja, "Ninyi mnafumia watoto ambao hawajazaliwa. Hamwogopi?"

"Tunaogopa sana," akasema. "Ndiyo maana hatuungi."

Akanifungulia kapu lake. Kulikuwa na migongo ya sweta, vifua, mikono midogo kama vidole vya glavu, kila kimoja peke yake. Kwao nguo ya mtoto aliye tumboni hufumwa vipande vipande, na kila kipande hufumwa na mama tofauti. Havilali kwenye nyumba ya mjamzito, vinalala kapuni. Mtoto akishalia, ndipo wanakaa na kushona. Kabla ya hapo hakuna nguo, kuna vipande tu. Nilicheka, halafu nikaona kwamba wenzangu hawa walikuwa wamepata njia ya kuheshimu woga wao bila kumwacha mtoto aulipie. Mimi sikuwa nimefikiri hata robo ya hapo.

Nyuzi za dukani ni ghali, kwa hiyo wanafumua masweta ya mitumba. Nilienda sokoni nikachagua sweta la rangi ya maziwa, laini, zuri kupita yote. Nilikaa barazani nikavuta uzi. Ukatoka mrefu kama mkono, ukakatika. Nikavuta tena, ukakatika. Kumbe sweta la kufumua hugeuzwa ndani nje kwanza. Lililofumwa huwa na ukingo safi pembeni, lakini lililokatwa kwa mkasi kama kitambaa kisha likashonwa na cherehani, nyuzi zake zote ni vipande. Akina mama walikuwa wameliona tangu nilipolitoa kwenye mfuko. Wakaniacha nivute.

"Mama wa dagaa amenunua tambi," alisema mmoja, na baraza zima likaangua kicheko. Huyo huvuka mpaka kutoka Nakonde kila wiki na hakosi neno. Kisha akasogea karibu yangu, akanituliza kwa lugha ya kwao. "Panono panono, mayo. Hata sisi tulianza hivyo hivyo, kidogo kidogo."

Sikulitupa sweta lile. Niliunga vipande fundo kwa fundo, wiki mbili nzima, nikafuma kofia kwa uzi huo huo. Mafundo niliyatoa yote upande wa nje, ili ndani pabaki laini kwa kichwa cha mtoto. Mwenyekiti alisema kofia ina upele. Nilimjibu kwamba upele wa nje haumwashi mtu. Kofia ile niliifumua mara nne, kwa kuwa mkono wangu ni mkali na navuta uzi kama nafunga mbuzi. Nilizipenda Jumamosi zile kuliko nilivyotarajia. Nilijikuta nasubiri siku ya kuchekwa.

Nyumbani nilikuwa mwoga bado. Mke wa mwanangu alinikuta siku moja najifunza kupunguza vitanzi kwa uzi wa kujaribia, akasimama mlangoni akiangalia. Nikamwambia najifunzia nguo za kuuza. Akasema, "Haya, Mama," akaenda kuinjika ugali. Nilijua hakuniamini.

Asubuhi moja ya Juni mwanangu alipiga simu kutoka hospitalini. Mtoto wa kiume, wa miezi saba na siku chache. Kilo moja na nusu. Amelia. Nilimwuliza mara tatu kama amelia kweli. Nilikimbia kwa mwenyekiti na ndala za miguu tofauti, naye akawaita waliokuwa karibu. Tukashona sweta pale pale sebuleni, wanne kwa pamoja, bila maneno mengi. Mshono wa kofia sikukubali mtu mwingine auguse.

Wodini mke wa mwanangu alikuwa amelala nusu ameketi, mtoto kafungwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi. Nesi aliliangalia sweta letu, akalisifia, akalirudisha kwenye mfuko. "Huyu anakaa kifuani kwa mama yake, sweta la nini? Kofia na soksi ndivyo ninavyotaka."

Nikatoa kofia. Tukamvalisha. Ikashuka ikafunika macho, pua, ikaishia kwenye kidevu. Nilikuwa nimeipima kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, mtoto niliyemtaka. Nesi akakifunika kichwa kwa kitambaa kwa muda, akaniuliza kama naweza kuipunguza. Nikavuta kiti. Nilikata mshono niliotoka kuushona, nikaanza kufumua, fundo moja baada ya jingine. Katikati uzi ukaniponyoka. Mke wa mwanangu akanyoosha mkono mmoja uliokuwa huru, akaushika uzi, akawa anauzungushia kwenye vidole vyake kadiri nilivyofumua.

Nikasema, nikiwa nimeinamia sindano, "Yule wa kwanza hakuwa na kofia. Mimi ndiye niliyekataza."

"Najua, Mama."

"Sikuwahi kukuomba msamaha."

 Nilimsikia mtoto akihema kifuani kwake, haraka haraka. Kisha mama yake akashusha macho, akapima kichwa kile kwa kiganja, akanionyesha kiganja.

"Kiko hivi," akasema. "Anza na vitanzi arobaini. Na usivute sana."