Bibi wa Igalula na mkalimani wake

Leo nimeumbuka mbele ya darasa zima, jamani.

Chuo kimetupeleka Igalula kusikia habari za njia ya misafara ya zamani. Kwenye basi nilijitapa kwamba Kinyamwezi nakijua, basi mwalimu akanifanya mkalimani.

Bibi mwenyeji wetu akaongea kirefu. Sikuambulia neno.

Nikakohoa. "Anasema wapagazi walipumzika hapa, wakiimba."

Wenzangu wakaandika!

"Wakiimba nini?" mwalimu akauliza.

Bibi akadakia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mjukuu wangu, nimeuliza kama mmekula."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Tukaletewa viazi. Bibi akanisemesha tena Kinyamwezi, na mimi kwa aibu nikaitikia, "Ndiyo, bibi."

Majirani wakapiga vigelegele.

Wanyamwezi mliomo humu, nimekubali nini?