Ndugu Walivyomaliza Tangazo la Mwanamkuu kwa Mapenzi

Saa moja asubuhi, nyuma ya nyumba ya harusi karibu na stesheni ya Igalula, Mwanamkuu Yahaya anageuza vitunguu kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Harufu ya bizari imeshavuka reli. Pembeni, mama yake mkubwa, Bi Swaumu, anamenya vitunguu saumu, kisha anafuta mkono na kuchukua simu.

"Mama mkubwa, weka chini!" Mwanamkuu anamkemea huku akicheka. "Leo usinibonyeze."

"Naangalia saa tu," anajitetea Bi Swaumu.

Wapishi wenzao watatu wanaangua kicheko. Hakuna anayemwamini.

Mwanamkuu, mwenye umri wa miaka 43, ni mpishi wa shughuli kutoka Gongoni, mjini Tabora. Kwa miaka mingi amewapikia majirani, ambao mara nyingi humlipa kwa kanga na ahsante. Mwaka huu alitaka wateja wa mbali, ili yeye na wenzake wapate kazi kabla Ramadhani haijaingia na harusi kusimama. Akiba yake ya kuuza vitumbua akaiweka kwenye tangazo la mtandaoni. Mtu akitafuta "pilau" kwenye simu, jina lake linatokea juu.

Kuonekana ni bure. Analipa pale tu mtu anapolibonyeza tangazo, takriban shilingi 200 kila mara. Alipanga kutumia shilingi 4,000 kwa siku. Zikiisha, tangazo linapotea hadi kesho yake.

Siku ya kwanza ziliisha kabla ya saa nne asubuhi, na simu haikuita. Siku ya pili hivyo hivyo.

"Nikasema hapa kuna mkono wa mtu," anasimulia.

Mikono ilikuwa mingi. Gongoni, mtu akifungua biashara, ndugu na majirani humuungisha: hupita asubuhi kununua chochote ili asikate tamaa. Mwanamkuu hana duka, basi wakamuungisha kwenye simu. Kila baada ya swala ya alfajiri Bi Swaumu aliuhimiza ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp: "Mbonyezeni mwenzenu!"

Aliyegundua ni Hitesh, muuza mchele na viungo, ambaye naye huitangaza biashara yake mtandaoni.

"Dada, hawa ishirini wa leo, wangapi wamepiga simu?"

"Hata mmoja."

"Basi wanakula shughuli bila kuchangia."

Walipofungua taarifa za tangazo, karibu wote walikuwa watu wa mjini Tabora, waliobonyeza mara tu baada ya swala ya alfajiri. Waliobaki walikuwa wanatafuta namna ya kupika pilau, si mpishi. Hitesh akamshauri abadili maneno yawe "mpishi wa harusi Tabora". Bei ikapanda hadi shilingi 400 kwa kila anayebonyeza. Mwanamkuu alishtuka. Leo anaieleza kwa tabasamu.

"Mia nne inayoleta harusi ni rahisi kuliko mia mbili inayoleta salamu."

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Bi Swaumu. "Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikakosa pa kuanzia," anasema. Alipomaliza kueleza, mama mkubwa alilengwa na machozi.

"Kumbe mimi ndiye ninayekula mtaji wako, mwanangu?"

"Hapana, mama mkubwa. Umenipenda kwenye kitu kinachotoza."

Ukoo ukaacha. Tangazo likaanza kudumu hadi jioni, watu wanapokaa kupanga shughuli zao. Tangu lianze lilikuwa limekula shilingi 56,000 simu ilipoita: Asmahani, shangazi wa bibi harusi wa Igalula, anataka pilau ya watu 300. Ufundi peke yake, shilingi 250,000.

"Na nilibonyeza mara moja tu!" Asmahani anasema, akipita na beseni la mchele.

Mwanamkuu anataka kununua masufuria yake mwenyewe badala ya kukodi, na baada ya Idi apeleke tangazo hadi Usoke na Nzega. "Wenzangu hawa wasirudi tena kukaa wakisubiri kuitwa," anasema.

Mchana, sinia zinatoka na kurudi tupu. Mgeni mmoja kutoka Usoke anakuja jikoni, simu mkononi, akiuliza jina la mpishi ili amtafute mtandaoni. Kabla Mwanamkuu hajafuta mikono, Bi Swaumu ameshasimama.

"Usitafute popote, mwanangu. Andika namba yake, nikutajie. Kwangu mimi ni bure."