Glovu ya Kuume na Glovu ya Kike

Sisi tuliong'oa meno ya utoto Bagamoyo wakati kaptura moja ikivaliwa na ndugu watatu kwa zamu, glovu za ngumi hatukuzichagua. Zilitujia. Zilitujia pea moja, mtaa mzima, tukazizunguka kuzitazama kama vile kuna mtu kajifungua mapacha.

Nayasema haya kwa sababu juzi juzi nimeondolewa kwenye kiti changu, kiti ambacho wanaonijua wanajua sikiachi ila kwa msiba au harusi, nikapelekwa Kariakoo kuchagua glovu. Aliyenipeleka ni binti yangu Rukia, anayefanya mazoezi ya masumbwi pale Kerege. Kijana muuzaji akatutandikia za kila rangi. "Mzee, chukua hii ya zambarau," akaniambia, "inatoka vizuri sana kwenye picha." Nikamuuliza, "Na kwenye pua ya mtu inatokaje?" Akanitazama kama nimeulizia tandiko la punda. Nikaichukua ile ya zambarau, nikazamisha dole gumba pale mbele penye vifundo vya vidole, likafika mpaka ndani bila kuzuiwa na kitu. Nikairudisha. Tukafanya hivyo glovu baada ya glovu, mpaka Rukia akaniuliza, "Baba, wewe hata mbu humpigi, umejifunza wapi haya?" Nikamwambia nitakusimulia tukifika nyumbani. Tulipofika nyumbani akashika simu yake, basi nawasimulia ninyi.

Mimi, jamani, nilikuwa mtoto wa ndani. Si kwa ugonjwa, kwa mapenzi tu. Mama alikuwa akisuka mikeka, nami nilipenda kukaa karibu yake nikimchambulia ukili, nikinusa rangi zinazochemka jikoni, huku redio ikisoma salamu za watu wa mikoani. Wenzangu walikuwa juani wanapiga gololi, wanafukuzana ufukweni mpaka miguu inaota chumvi. Mimi nilitoka nikitumwa. Ndiyo maana wakanipa jina la Mwali, kama msichana aliyevunja ungo akawekwa ndani. Nikipita na chupa yangu ya mafuta ya taa, utasikia, "Mwali katoka leo! Mfunikeni, jua litamharibu!" Nilikuwa nacheka nao. Ukicheka pamoja nao hakuna anayejua kama unaumia. Mbinu hiyo niliigundua mapema na naitumia hadi leo kwenye vikao vya ukoo.

Basi Idd moja akaja Mjomba Seif, kaka yake mama, aliyekuwa mlinzi wa ghala huko Dar es Salaam, na ujanani alikuwa akipanda ulingoni. Wajomba wa wenzetu walileta tende na mashati. Wa kwetu alitoa kikapuni glovu mbili za ngozi ya kahawia, kamba zake zimesokotana, zinanuka mafuta ya nazi na jasho la watu tusiowajua. Akatukalisha barazani akatufundisha. Bonyeza hapa mbele kwa dole gumba: dole likizama kidogo kisha likarudishwa, glovu iko hai, likizama likakutana na mfupa wa aliyeivaa, imekufa, hiyo ni soksi ya ngozi. Kidole gumba chake kiwe kimeshonewa karibu, kisije kikamwingia mwenzio jichoni. Kamba ikazwe mpaka kiganja kisichezecheze. Nyepesi ni ya kupiga gunia, nzito ni ya kupigana na mwenzio. "Na msizianike juani," akasema, "si dagaa hizo." Mwisho akauliza, "Ukimtoa mwenzio meno, kesho utacheza na nani?" Tukaitikia sote, ndiyo mjomba. Gari lake lilipokata kona, tukazianika juani.

Sasa pea moja kwa watu wawili wanaotaka kupigana, mtafanyaje? Tuligawana. Kila mmoja alivaa glovu moja, na mkono uliobaki mtupu ulishika kaptura kwa nyuma. Sheria hiyo ilitusaidia, maana mipira ya viuno vyetu ilikuwa imelegea siku nyingi. Aliyejisahau akarusha mikono yote miwili alishindwa kwa aibu kabla hajashindwa kwa ngumi.

Shida ilikuwa nani avae ipi. Siku hizi watu wote wanasema kulia na kushoto. Wazee wetu walisema mkono wa kuume na mkono wa kike, na huo wa kike ndio wa kujitawazia, haupokei kitu cha mtu wala hautoi. Nasi tukayachukua maneno kama yalivyo. Ile ya mkono wa kulia ikawa glovu ya wanaume, na ile ya kushoto ikawa glovu ya kike. Mtoto akipigwa na ya kuume alivumilia. Akipigwa na ya kike, hata kama imemgusa tu kama mto wa kulalia, alikwenda kulia kwa mama yake, "Kanipiga na ya chooni!" Hakuna aliyeitaka, na baada ya siku chache wenzangu walipokezana ya kuume tu, huyu apige na yule akwepe, ya kike ikabaki imetundikwa. Mnaweza kukisia Mwali alipewa ipi.

"Haya Mwali, chukua ya kike yako." Kila siku hivyo. Nami nikatia nia moja moyoni, kubwa kuliko kufaulu mtihani: siku moja nitavaa ya kuume, na siku hiyo jina la Mwali litakufa.

Mpinzani wangu wa kila siku alikuwa Shebe, rafiki yangu, mlango wao ukitazamana na wetu. Tulipangwa pamoja kwa kuwa sote tulikuwa wembamba kama ufito. Lakini Shebe alikuwa na sauti. Akisoma Kurani chuoni, maalimu alifumba macho, na yule maalimu hakuwa mtu wa kufumba macho mbele ya watoto. Mwaka ule Shebe ndiye aliyechaguliwa kusoma mlango wa kwanza wa kitabu kwenye Maulidi ya chuo chetu, mbele ya wazazi na wageni kutoka Kaole. Mama yake, Bi Zuhura, mjane aliyetulea nusu ya mtaa kwa vitumbua, alikuwa amekwisha kumshonea kanzu kwa mkono wake, na kila aliyekwenda kununua vitumbua alionyeshwa kwanza kanzu.

Siku tatu kabla ya Maulidi nikagoma. Nikasema sipigani tena na ya kike, bora nirudi kwenye ukili. Wakacheka sana. Shebe hakucheka. Akafungua kamba kwa meno, akavua ile ya kuume, akanirushia. "Chukua," akasema, "leo Mwali nitakuwa mimi."

Nikaivaa. Wenzangu, nikumbuke nini zaidi ya pale? Ilikuwa imevaliwa na kila mtoto, kila siku, kwa miezi, ikalowa jasho, ikakaushwa juani, pamba yake yote imekimbilia huko nyuma kwenye kiganja. Nilihisi vifundo vyangu vinagusa ngozi moja kwa moja. Nikadhani ndivyo uanaume unavyokuwa. Nikajipanga miguu kama nilivyoona kwenye picha ya gazeti, na kumbe nimejipanga kama bata, maana Shebe alinitazama akaangua kicheko. Nilimpiga akiwa katikati ya kicheko hicho, mdomo wazi.

Alikaa chini. Akashika mdomo, na damu ikapita katikati ya vidole, na alipotema, nusu ya jino la mbele ikaanguka mchangani. Kisha mmoja akapiga kelele, "Mwali kaua!" Sitawaficha: kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi. Halafu nikamwona Shebe anajaribu kusema kitu na midomo haikutani, nikakumbuka Maulidi, nikavua glovu nikakimbilia ndani, mahali nilipopajua kuliko pote.

Siku ya pili mama akaniona nachanganya ukili wa kijani na wa zambarau.

"Una nini?"

"Sina."

"Huna nini?"

Hapo tukasikia sauti ya Bi Zuhura mlangoni kwake akimwambia jirani kwamba Shebe kaanguka kisimani, mdomo umevimba, na kwamba alasiri atakwenda kumwambia maalimu atafute mtoto mwingine wa kusoma. Kumbe mwenzangu alikuwa hajanitaja! Mama akatikisa kichwa, "Masikini, kisima hicho kitakuja kuua watoto."

Nikasema, "Mama, kisima ni mimi."

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliukunja mkeka aliokuwa ameumaliza wiki ile, akautia kwapani, akanishika mkono tukavuka njia. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: ukimuumiza mtu unakwenda kwao kwa miguu yako, hutumi mtu.

"Hodi kwa Bi Zuhura."

"Karibuni, karibuni."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mbona unaamkia miguu yangu?"

Mama akasema, "Nimekuletea kisima."

Bi Zuhura alikuwa ameshika uma wa kugeuzia vitumbua. Akanitazama mimi, akamtazama Shebe aliyekaa kitandani na mdomo wake, na naapa ule mdomo ulikuwa sawasawa na vile vilivyokuwa chunguni.

"Shebe, si umeniambia umeanguka?"

"Nilianguka, mama," Shebe akasema kwa taabu. "Baada ya kupigwa."

Mama yangu aligeuka kutazama ukutani, mabega yanatikisika. Bi Zuhura hakucheka. Akageuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, mpaka nikatamani viungue ili aseme chochote. Ndipo akasema, "Radhi nimekupa, mwanangu. Mkeka mrudi nao, hatujafikishana huko. Lakini kwa maalimu siendi tena. Atasoma Shebe, na mdomo huo huo. Na wewe utakaa ubavuni kwake umshikie kitambaa."

"Mbele ya watu?" nikauliza.

"Kwani ulimpiga nyuma ya watu?"

Basi Jumapili alasiri, mimi mtoto wa ndani, niliyekuwa nikijificha uvunguni wageni wakija, nilikaa mbele kabisa kwenye uwanja wa chuo, ubani unanipalia, watu wote wa mtaa wananitazama, na kitambaa cheupe mapajani. Shebe akaanza. Kila penye herufi ya sin, pale jino lilipokuwa palipiga mluzi mdogo. Nilifumba macho nikingojea kicheko cha watu. Hakikuja. Sauti ilikuwa ile ile, imepata tu dirisha. Katikati ya mlango mdomo ukafunguka, damu ikaanza kushuka kuelekea kwenye ile kanzu, nikawahi kwa kitambaa kabla haijaigusa. Shebe akanishika goti, akaendelea mpaka mwisho. Mzee mmoja mgeni akauliza, "Na huyu wa pembeni ni nani?" Bi Zuhura akajibu kutoka nyuma, "Mwenziwe." Sikuwahi kuitwa jina zuri kama hilo, hata siku niliyoitwa bwana harusi.

Mjomba Seif alikuwepo, amekuja kwa Maulidi. Baadaye akaziomba glovu, akabonyeza ya kuume, akabonyeza ya kike, akabonyeza tena. "Mbona moja mmeiua na nyingine bado mpya?" Tukamweleza, kila mtu akimsukumia mwenzake. Alicheka mpaka akavua kofia. "Ngozi ya ng'ombe nayo mmeitafutia mume na mke! Miezi yote hii mnagombania maiti, aliye hai mmemwachia Mwali!" Kuanzia siku hiyo, ile ya kuume ikawa ya kupigia gunia la mchanga, na watoto wakaanza kupanga foleni kwa ajili ya ya kike. Jina la Mwali halikufa, lakini makali yake yaliisha. Shebe mwenyewe aliniita hivyo hadi alipohamia Lugoba kwa shughuli zake, na nusu jino lake hakulijaza.

Kwa Rukia tulinunua pea mbili, nyepesi za gunia na nzito za kupigana. Rangi alichagua yeye, vifundo nilichagua mimi. Ana pia kofia ya kukinga kichwa na mpira wa kukinga meno, amekuwa kama anakwenda kufukuza nyuki. Nimekwenda kumtazama mara moja, nikabeba na kiti changu. Alipigana na msichana wa rika lake raundi tatu, makonde mazuri, yenye sauti, na hakuna aliyetoka hata na mchubuko. Wakagonganisha glovu, wakaambiana "sori," wakapiga picha, kila mmoja akapanda bodaboda yake. Glovu kama zile tungezipata sisi, Shebe angekuwa na meno yake yote. Namshukuru Mungu kwa hilo, sitanii.

Njiani nikamuuliza, yule mwenzio kwao ni wapi? Akafikiri. Akasema ana namba yake ya simu. Mwaka mzima wanapigana wale, mara tatu kwa wiki, na hakuna siku mmoja wao amebisha hodi kwa mwenziwe.