Vishikwambi Visivyosaidia

Atuganile alizaliwa Nanyala, kule Mbozi, binti wa mkulima wa kahawa, na tangu mdogo nyumbani kwao walimwita profesa. Baba yake alimwita hivyo kwa mapenzi. Shangazi zake walimsimanga, maana walimwona akikwepa jembe na kukimbilia vitabu. Akasoma, akafundisha sekondari, akarudi chuo, akasoma tena, hata wachumba wakachoka kungoja wakaoa kwingine. Sasa alikuwa anautafuta udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano, na ili aupate akawa msaidizi wa utafiti wa Dokta Abdulrahim, bwana wa maneno laini anayefanya kazi zake kwa simu. Mradi wa vishikwambi vya kufundishia watoto kusoma ulikuwa wa Dokta. Vumbi lilikuwa la Atuganile.

Alipelekwa Kamsamba, bondeni kwenye mpunga na ng'ombe, kwenye joto la kumfanya mtu wa Mbozi aililie baridi ya kwao. Kazi ilikuwa hivi: watoto wa darasa la pili wagawanywe makundi mawili. Kundi moja lisome kwa vishikwambi, jingine libaki na Mwalimu Barnaba na chaki yake. Mwisho wa mwaka wote wapewe mtihani mmoja. Waliotumia vishikwambi wakiwapita wenzao, shule za bonde zima zinaletewa. Wasipowapita, vishikwambi vinafungwa kwenye maboksi vinaondoka. Na matokeo hayo, yawe matamu yawe machungu, ndiyo yangempa Atuganile udaktari wake.

Asije akaambiwa anapendelea, aliwachotesha watoto maharage kwenye mfuko. Aliyetoa jekundu alivishwa kadi ya namba shingoni akaenda chumba cha vishikwambi. Aliyetoa jeupe alibaki na chaki. Enesi akatoa jekundu. Faith, pacha wake, akatoa jeupe.

Kesho yake mama yao, Roda, alikuwa mlangoni.

"Dada, wale walilala tumbo moja. Pacha humpi mmoja kitu mwenzake akabaki kutumbua macho. Unataka waugue?"

"Mama Mapacha, ni kura. Si mimi."

"Maharage nani kaleta?"

"Mimi. Lakini..."

"Basi ni wewe."

Atuganile akamshushia habari za sampuli na ulinganifu, mpaka Mwalimu Barnaba akaanza kuhesabu mbao za dari. Roda akamwacha amalize.

"Sawa, dada. Nimekuelewa," akasema, akaenda zake.

Mwaka ukaenda. Kila asubuhi Atuganile alipita kati ya madawati akisoma kadi: namba nne yupo, namba tisa yupo. Vichwa vyote vimenyolewa, sare zote zimepauka kwa jua. Sura hakuzitazama. Dokta alitaka namba, naye alimpelekea namba.

Ikafika siku ya mtihani. Faith, ambaye kwa karatasi za mradi hajawahi kugusa kishikwambi hata kwa bahati mbaya, alimaliza ukurasa, akaupitishia kidole kuelekea kushoto, akangoja ugeuke wenyewe. Kisha akajicheka, akaufunua kwa mkono. Alipoambiwa asome kwa sauti, alisoma bila kukwama.

Atuganile akamtoa nje.

"Kishikwambi umejifunzia wapi?"

"Kwenye zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Leo Enesi, kesho mimi. Tunapeana kadi njiani. Mama kasema."

"Ninyi wawili tu?"

Mtoto akamshangaa. "Wote, mwalimu. Tabita anampa binamu yake. Wengine majirani zao. Mama aliwaambia wamama wenzake kisimani."

Akamwendea Mwalimu Barnaba moto unamtoka puani.

"Mwalimu, ulijua?"

"Sasa dada, mimi watoto nawajua kwa sura. Leo naletewa nusu hii ya darasa, kesho nusu ile! Nikadhani mmekubaliana na wazazi. Nyie wa mradi huwa hamtuulizi."

Watoto wote walikuwa wamesomea vishikwambi, na watoto wote walijua kusoma. Makundi yalipolinganishwa yakatoka sawa kabisa. Simu ya Dokta ikaja, sauti imejaa furaha.

"Hakuna tofauti! Matokeo safi sana, Atuganile. Andika kwamba vishikwambi havikusaidia. Kabla ya mvua kwisha utakuwa daktari."

Hapo ndipo mahali pa kusema, na alipajua. Akisema, mwaka mzima unatupwa, kazi inaanza upya, na ufadhili wake ulikuwa unaishia hapo. Asiposema, bonde zima linakosa, na yeye anapata. Akafungua mdomo.

"Dokta, kuna jambo..."

"Sikupati, mtandao. Unasemaje?"

"Nasema asante."

Siku ya kupakia maboksi, Roda alikuja mbio kutoka shambani, matope ya mpunga magotini, wanawake wenzake nyuma yake.

"Dada, mbona mnavichukua?"

"Utafiti umeonyesha havisaidii."

"Havisaidii! Faith wangu anamsomea baba yake gazeti!" Akawatazama wenzake, akamsogelea Atuganile, akashusha sauti. "Dada, nisamehe. Ni mimi. Niliwaambia wabadilishane. Hukujua, maskini, tulikuzunguka. Waambie wakubwa zako ni ujinga wangu. Watanifunga, wanifunge, ila vibaki."

Mama wa watu alikuwa ameleta shingo yake mwenyewe. Atuganile angeweza kumwambia: nilijua tangu siku ya mtihani, nikanyamaza. Maneno machache tu. Badala yake akavuta uso wa mtu aliyeshtushwa, na uso ukakubali.

"Mama Mapacha! Mbona hukusema mapema? Sasa wameshaandika. Nimechelewa, siwezi tena."

"Ningesema mapema vingebaki?"

"Vingebaki."

Wanawake wakasikia. Mmoja akapiga kofi pajani. "Kumbe ni wewe, Roda! Na kiherehere chako!" Huyo huyo aliyekuwa wa kwanza kumvua mwanawe kadi akampa wa jirani.

"Sisi tulikufuata wewe," mwingine akadakia. "Umewakosesha watoto wa Kamsamba yote."

Roda akamtazama tu Atuganile, kama anayengoja dada msomi amtetee kidogo. Atuganile akapanda gari, akafunga kioo, ijapokuwa joto lilikuwa la kuua mtu. Lilibaki boksi moja chini. Roda akalinyanyua, akalipakia mwenyewe nyuma ya gari, akapangusa mikono kwenye kanga, akarudi kusimama peke yake, maana wenzake walikwishajitenga.

Siku hizi huko Nanyala wanamwita Daktari. Hata shangazi zake.