Mkwe Aliyemwachilia Mama

Kwetu Kakamega, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono, hawaketi karibu, wanasalimiana kwa mbali kama majirani waliotenganishwa na fahali mkali. Mume wangu aliyajua hayo yote. Lakini matope ya Mukumu hayana adabu.

Tulikuwa tumemsindikiza mama yangu sokoni na ndizi zake, mvua ndiyo imetoka kunyesha. Mama akateleza, na mume wangu aliyekuwa nyuma yake akamdaka kiunoni. Vizuri sana. Hapo angemsimamisha tu, mambo yaishe. Badala yake akakumbuka ni nani amemshika, akafungua mikono yote miwili, akatoka mbio. Mama akaanguka pu, mbele ya wateja wake, ndizi zikamfuata.

Mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashindwa kumwinua mama yangu mzazi.

Mume wangu hakucheka. Wazee walitaka ampe mama blanketi la kusafisha mambo, akanunua, nikalipeleka mimi. Yakaisha kwa kila mtu isipokuwa kwake. Krismasi ikikaribia, wakati wa kwenda kwa mama, anashikwa na homa. Kukiwa na mazishi kwetu, anasimama barabarani na wapita njia. Nikimwambia, baba watoto, watu walishasahau, ananijibu kwamba aliyeanguka hasahau. Nilichoka naye, wacha niseme ukweli.

Mwaka jana mama akamaliza kujenga nyumba yake mpya. Mabati ni mume wangu aliyeyatuma, lakini mwenyewe hakutokea. Mama ni mjane, na mkwe ana huyo mmoja tu. Akasema hatalala kwenye nyumba hiyo kabla mwenye mabati hajaiingia. Na mama akisema, amesema. Masika yakamkuta bado kwenye nyumba ya zamani inayovuja, anakohoa usiku kucha. Ndipo nikamwambia mzee wangu: homa yako ya Krismasi nimeivumilia, lakini kikohozi cha mama yangu sikivumilii. Akavaa koti.

Tulifika mvua imekatika, uwanja wote ni tope. Akaganda langoni na uso wa mtu aliyeitwa na chifu. Mama akatoka jikoni polepole, mchi wa kinu mkononi, akasimama mbali naye inavyotakiwa.

"Mkwe wangu," akasema, "tangu mume wangu afariki, ni wewe peke yako uliyewahi kunidaka nisianguke. Kosa lako si kunishika. Kosa lako ni kuniachilia."

Mimi machozi yalinitoka, sifichi.

Mama akanyoosha ule mchi. Akamwambia ashike upande ule, yeye atashika huu, na safari hii asithubutu kuachilia. Wakauvuka uwanja hivyo, mchi katikati, desturi salama, mimi na majirani kwenye baraza mbavu hatuna. Walipofika katikati, aliyeteleza ni mume wangu. Mama akakaza mikono yake ya kulima, akamvuta mpaka akasimama wima, kisha akamwongoza mpaka mlangoni.

"Umeona?" akamwambia. "Mtu hushikwa hivyo."

Mume wangu akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na koti lote tope. Kisha akaingia ndani, akala ingokho, kuku wa kumkaribisha mkwe, mpaka mchuzi ukaisha, na usiku huo mama akalala chini ya mabati yake.